Kamati ya Kutosikia Mimba ya Julie

Hatari ilifutwa rasmi asubuhi ya Jumatatu, mbele ya lango kuu la kiwanda, kwa wimbo wa taifa na spika mbili za kukodi. Kurugenzi ya Kampuni, baada ya kutafakari kwa kina na kushauriana na yenyewe, iliwatangazia wafanyakazi kwamba kuanzia saa ile hakuna tena kazi ya hatari mahali popote ndani ya uzio: si kwenye matangi ya asidi, si kwenye tanuri, si kwenye ghala la kobalti. Wafanyakazi walipiga makofi. Baadhi walikohoa, lakini kukohoa hakukuwa kwenye programu, kwa hiyo hakukuhesabiwa.

Jina la Kampuni tuliache. Watu wa Likasi wanaijua kwa moshi wake, na asiyekaa Likasi jina halitamsaidia kitu. Aliyesoma tangazo lile ni Monsieur Cyrille, Mkuu wa Idara ya Usalama, Ustawi na Habari Njema, mtu mwenye tumbo la heshima na kofia ngumu nyeupe ambayo aliivua kanisani tu, tena baada ya padri kumtazama. Zamani idara yake iliitwa Usalama, basi, na kazi yake ilikuwa kuzuia ajali, kazi ya kuchosha isiyo na shukrani. Ni Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Monsieur Ruphin, aliyegundua kwamba ajali huletwa na hatari, na hatari huletwa na watu wanaoitaja. Tangu ugunduzi huo mambo yakawa mteremko. Vibao vya fuvu la kichwa vilibanduliwa. Barakoa zilirudishwa stoo zikafungiwa, maana mtu anayevaa barakoa anaisema vibaya hewa ya mwajiri wake. Maziwa waliyokuwa wakipewa watu wa asidi kila zamu, ya kusafisha koo, yalihamishiwa ofisi ya Mkurugenzi, ambako yalitiwa kwenye chai.

Cyrille hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu mbele huko itakuwa vigumu kuliamini. Alikuwa na diploma ya Lubumbashi, mke mmoja, watoto wanaovaa soksi, na imani kwamba jambo likisemwa kwa upole na kwa Kifaransa huwa limekwisha nusu.

Wiki chache baada ya hatari kufutwa, Julie alibisha hodi ofisini kwake.

Julie alifanya kazi kwenye ukumbi wa matangi. Mle ndani mabamba yananing'inizwa katika asidi, umeme unapitishwa, shaba inajishika juu yake polepole, kisha watu wanayavuta mabamba na kuibandua ile shaba kwa patasi. Asidi inatoa mvuke. Mvuke unakula kwanza pindo la suruali, halafu kope, halafu koo. Julie alikuwa mwanamke wa maneno machache, mke wa Rolly anayevunja mawe ya chokaa kule Kakontwe, na siku ile pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na alama nyeupe ya pemba, ule udongo ambao wanawake wa mji huutafuna wakiwa wajawazito.

Cyrille aliiona alama kabla mlango haujafungwa. Akasimama haraka kuliko alivyosimama kwa wimbo wa taifa.

“Chef, minye iko na neno moya ya kukuambia,” Julie alisema.

“Kama ni neno ya kazi, ambia chef d'équipe, musimamizi yako. Kama ni neno ya mwili, mama, apana kuniambia.”

“Minalomba tu munitoshe kwa matangi. Kazi ingine yoyote nitafanya. Kufagia, kupika, kuchunga lango. Apana kunifukuza, munitoshe tu kule.”

“Kukutosha juu ya nini?” aliuliza Cyrille, kana kwamba hajui kwa nini mtu aombe kutolewa mle.

“Ile njo neno minataka kukuambia.”

“Basi apana kuisema,” alijibu Cyrille, akamfungulia mlango kwa adabu zote za idara yake.

Hapa msomaji wa mbali asogee karibu kidogo. Mimba changa kwetu haitangazwi. Anaambiwa mume, anaambiwa mama, anaambiwa shangazi, na hapo inakomea mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Sababu ni nyepesi: likitokea baya, watu watauliza nani alikuwa anajua, na aliyekuwa anajua ndiye atakayetazamwa. Cyrille hakuyaamini mambo hayo, na alikuwa amelisema hilo kwenye semina zaidi ya moja. Lakini kutoamini ni kitu kimoja, na kutajwa jina kwenye matanga, mbele ya mashangazi wa watu, ni kitu kingine kabisa. Diploma yake ilikuwa imeshughulikia kile cha kwanza tu.

Kanuni za Kampuni, kwa upande wao, zilimtaka mjamzito amwambie mwajiri mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo Julie alilazimika kusema jambo ambalo kila mwenye cheo alilazimika kutolisikia. Ni utaratibu wa kawaida na Cyrille hakuona kasoro yake.

Julie alikwenda kwa Bertin, mkuu wa utumishi. Bertin alimwona akivuka uwanja, akanyakua kitu cha kwanza kilichokuwa mezani, akakiweka sikioni na kuanza kuzungumza na Kinshasa. Alizungumza na Kinshasa mpaka Julie akachoka kusimama. Kitu chenyewe kilikuwa mashine ya kupigia hesabu. Alikwenda kwa msimamizi wa zamu, naye akamwambia ana matatizo ya masikio tangu utotoni. Alikwenda kwenye zahanati ya kiwanda, na nesi akamshika mkono, akamwambia kwa huruma ya kweli kwamba anamwombea, lakini asimtajie anamwombea nini.

Kufikia mwisho wa wiki kiwanda kizima kilikuwa kinaijua mimba ya Julie, na hakukuwa na mtu hata mmoja aliyeambiwa. Wapishi waliijua. Walinzi waliijua. Watu wa mgodi wa Kakanda waliokuja na lori za mawe ya shaba waliuliza yule mama mwenye mimba yuko zamu gani. Ni Kurugenzi peke yake iliyokuwa bado imesimama imara katika kutojua.

Monsieur Ruphin akaona jambo limefikia ngazi yake. Aliitisha kikao na kuunda papo hapo Kamati ya Kudumu ya Mapokezi ya Taarifa za Kifamilia Zisizo na Mpokeaji. Yeye akawa mwenyekiti, Bertin makamu, Cyrille mwandishi asiyeandika, maana Mkurugenzi alikuwa amepiga marufuku karatasi zote zinazohusu afya. Afya, alisema, ni jambo la moyoni, na karatasi huwa zinaonekana baadaye.

Kikao kilikuwa cha kina. Mkurugenzi aliuliza: ikiwa mfanyakazi fulani, ambaye hatumtaji, ana hali fulani, ambayo hatuijui, na anataka kuhamishwa kutoka kwenye matangi, je, atakuwa anahamishwa kutoka kwenye nini? Bertin alijibu bila kufikiri kwamba ni kutoka kwenye hatari. Mkurugenzi akamtazama mpaka shingo ya Bertin ikalowa. Hatari ipi? Ile iliyofutwa? Baada ya gharama zote zile za spika? Kumhamisha mama mmoja ni kuifufua, na wiki mbili zijazo Madame Eugénie, rais wa bodi, anakuja kutoka Lubumbashi kuipongeza Kampuni kwa kuwa ya kwanza nchini kuishi bila hatari. Tena kulikuwa na kanuni ya uhamisho: nafasi kwa nafasi, kwa hiari. Hatoki mtu ukumbini mpaka apatikane mwingine wa kujitolea kuingia. Mkurugenzi aliitunga kanuni hiyo mwenyewe, nayo ilikuwa imefanya kazi vizuri sana, kwa kuwa hakuwahi kupatikana mtu.

Bertin, akitaka kujirekebisha, alikumbusha kwamba Sephora wa tangi la jirani hakuwaletea usumbufu wa namna hii.

Ni kweli hakuwaletea. Sephora hakumwambia mtu. Aliogopa kufukuzwa, akavuta mabamba huku tumbo limefungwa kitenge kwa nguvu, mpaka siku alipoanguka kando ya tangi, na mtoto akapotea. Kampuni ilipeleka matangani kreti moja ya soda, na Cyrille ndiye aliyeibeba mapajani ndani ya taxi-bus. Alihuzunika alasiri nzima. Jina la Sephora lilipotajwa kikaoni alitazama dari, akaona dari nayo imeanza kuliwa na mvuke, akashusha macho.

Baada ya mjadala mrefu Kamati ilipata ufumbuzi ambao Cyrille aliuona kuwa wa kisasa. Mama husika atajieleza mbele ya Kampuni yenyewe, si mbele ya mtu. Watu wana masikio, na masikio yana matokeo. Kampuni ni chombo cha kisheria. Kiti cha mwenyekiti kitawekwa katikati ya chumba cha mikutano, koti la Mkurugenzi litatundikwa mgongoni mwake ili kuonyesha uwepo, na mama atakieleza kiti. Kiti kikishaelezwa, mwajiri atakuwa ameelezwa.

Julie aliletwa Alhamisi. Alikitazama kiti, akamtazama Cyrille, akauliza kama ni mzaha. Cyrille alimhakikishia kwamba ni utaratibu. Kisha akatoka, akafunga mlango, akasimama koridoni akiimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti ya kutosha, asije akasikia neno. Aliimba beti zote. Alipokuwa anarudia wa kwanza mlango ulifunguliwa.

“Nimeiambia,” Julie alisema.

“Muzuri.”

“Inasema nini?”

“Inachunguza.”

Julie aliketi kwenye ngazi. Hakulia, na ingekuwa afadhali alie, kwa sababu Idara ya Usalama, Ustawi na Habari Njema ilikuwa na vitambaa vya karatasi kwa ajili hiyo.

“Minaogopa, chef,” alisema. “Sephora alinyamaza, mutoto akaenda. Minye minasema, hakuna muntu wa kusikia. Kazi nikiiacha, Rolly peke yake hatatulisha, iko mama yake, iko badogo zake. Nikibaki kule, hii mutoto itaisha kama ya Sephora. Uniambie weye. Nifanye namna gani?”

Cyrille aliona aibu. Alimwambia awe na subira, kiti kina mambo mengi. Halafu akaenda chooni, akanawa uso, akarudi kupanga sherehe.

Sherehe ilipangwa vizuri mno. Kulikuwa na mahema, kuku, fulana za kijani zenye maandishi ya Hatari Sifuri, na bendi ya shule iliyojua nyimbo tatu. Kwenye programu, baada ya hotuba ya Mkurugenzi, Cyrille alikuwa ameweka neno la shukrani la familia za wafanyakazi. Alimchagua msemaji yeye mwenyewe, kwa macho, siku ya mazoezi: mama mmoja mtu mzima aliyevaa sare ya Mamans Catholiques, kina mama wa Kikatoliki, mwenye kilemba safi na sura ya kusema amina. Aliitwa Tantine Kabedi, yaani Shangazi Kabedi. Cyrille alimwuliza kama anaweza kushukuru kwa dakika mbili, naye akajibu kwamba kushukuru anajua. Hakumwuliza ni shangazi wa nani. Mtu mwenye diploma, mzaliwa wa hapa hapa, alimkabidhi kipaza sauti shangazi wa watu bila kumwuliza ni wa nani. Kosa la namna hiyo hata mtoto mdogo wa mtaa wa Shituru halifanyi.

Siku ilifika. Madame Eugénie aliketi mbele chini ya hema, mwanamke mpana, mtulivu, mwenye miwani ya dhahabu. Alikuwa anaishi Lubumbashi na bodi yake ilikuwa ya watu wa Ulaya, lakini alizaliwa hapa hapa Likasi, mtaa wa Kikula, hatua chache kutoka sokoni, na hilo halikuwa kwenye programu pia.

Monsieur Ruphin alihutubia kwa moyo. Alisema hatari ni fikra za kikoloni. Alisema ukumbi wa matangi, ambao maadui wa maendeleo wanauchafua kwa maneno, sasa ni salama kuliko ofisi yake mwenyewe yenye kiyoyozi, na kwamba kama si majukumu kumbana, yeye binafsi angehamia pale kesho, tena kwa furaha. Watu walipiga makofi marefu. Cyrille aliona fahari, maana sentensi ile alikuwa ameiandika yeye.

Kisha akaitwa Tantine Kabedi.

Alitembea polepole mpaka mbele ya Mkurugenzi. Hakupanda jukwaani. Alipiga goti moja chini, akapiga viganja vyake kwa ile heshima ya mtu anayeingia uani kwa mkubwa, na bendi, ikidhani ni sehemu ya programu, ikanyamaza.

“Papa Directeur,” alisema kwenye kipaza sauti, “kwetu mutoto mwanamuke akibeba mimba, tunaendaka kuambia mukubwa wa nyumba. Julie, mutoto ya kaka yangu, alienda kuambia bakubwa ba hapa, bakamukimbia. Bakamupatia kiti, akaambia kiti. Kiti haina masikio. Basi minye minakuya kwako, mbele ya bantu bote. Julie iko na mimba. Anafanya kazi kwa asidi. Tunamuacha mu mikono yako. Kikifika kintu mubaya, hatutauliza Mungu, hatutauliza majirani. Tutakuya kukuuliza weye. Asante kwa kuku.”

Akainuka, akarudisha kipaza sauti, akaenda kuketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Macho yote yalikuwa kwa Monsieur Ruphin: ya wafanyakazi, ya wake zao, ya bendi, ya padri aliyekuja kubariki. Mkurugenzi ana shahada mbili, moja ya Ubelgiji, na zote mbili zilimtoka miguuni.

Lakini hakuwa peke yake. Madame Eugénie alikuwa amesikia pia. Mtoto wa Kikula hahitaji kutafsiriwa maneno kama yale. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Rais wa bodi alikuwa ameambiwa mimba changa hadharani, na alikuwa na safari ya saa mbili za barabara kurudi nyumbani akiwa nayo kichwani. Mtu wa ngazi yake akipokea mzigo wa namna hiyo anafanya jambo moja tu. Anamkabidhi aliye chini yake.

“Monsieur Ruphin, umesikia?”

“Madame, sikusikia muzuri. Micro ilikuwa inapiga kelele.”

“Minye nilisikia. Kwa hiyo na weye umesikia. Huyu mama leo anatoka kwa matangi. Anaenda wapi?”

Swali hilo liliwafikia wakuu wa idara, waliokuwa wameketi safu ya pili, na pale pale ilidhihirika jinsi kiwanda kilivyo kibovu. Bertin alieleza kwamba ofisi yake ina upepo wa dirishani unaoweza kumdhuru mjamzito. Mhasibu alisema kwake kuna ngazi zinazoteleza. Wa jikoni alitaja moshi, wa stoo alitaja mifuko inayoanguka, na nesi alisema zahanati imejaa wagonjwa. Kila mmoja alikuwa anaogopa kukaa chumba kimoja na mimba iliyotangazwa, na katika muda wa kula paja la kuku zilitajwa hatari nyingi kuliko alizozigundua Cyrille katika maisha yake yote ya kazi.

Madame Eugénie aliuliza kama hakuna utaratibu.

Neno utaratibu lilimwinua Cyrille kabla hajajijua. Mpaka leo hajui kilichomwingia. Wengine wanasema ni Sephora. Yeye husema ni mazoea ya kazi. Alivua kofia yake nyeupe, akaeleza kwa sauti ya taarifa kwamba kanuni ya uhamisho ni nafasi kwa nafasi, kwa hiari, na kwamba tangu kanuni itungwe amejitokeza mtu mmoja tu aliye tayari kuingia kwenye ukumbi wa matangi.

“Nani?” Madame aliuliza.

“Mkurugenzi Mkuu, Madame. Amesema sasa hivi. Tena kwa furaha.”

Ruphin alimtazama Cyrille kwa namna ambayo Cyrille hataisahau. Akaanza kueleza juu ya majukumu. Madame Eugénie alimwambia kwa upole kwamba majukumu yana miguu, yatamfuata. Kama ukumbi una neno, aliseme sasa, mbele ya bodi, nao watakusanya fulana za kijani na kurudi nyumbani. Kama hauna neno, meza ihamishwe. Mkurugenzi alizitazama zile fulana. Zilikuwa nyingi sana.

“Hauna neno,” alisema.

Hivyo Jumatatu iliyofuata Julie aliketi kwenye ofisi yenye kiyoyozi, ambako alipewa kazi ya kupokea simu, na maziwa yakamkuta hapo hapo. Monsieur Ruphin alihamia ukumbini na meza yake ya mninga, akawekwa kati ya tangi la Joëlle na ukuta. Joëlle, aliyekuwa amefanya kazi ubavuni mwa Julie tangu mwanzo, alimkaribisha kwa heshima na kumwonyesha mahali pa kuficha uso pale bamba linapovutwa. Mkurugenzi hakuelewa somo hilo mpaka bamba la kwanza lilipovutwa.

Suti ya bluu ilidumu siku mbili. Baada yake ilikufa ya kijivu, kuanzia kwenye mapindo, kama ilivyo desturi. Mkurugenzi alisaini mikataba huku machozi yakimtiririka, na wageni wakadhani ni mtu mwenye hisia. Siku ya nne alisimama katikati ya ukumbi, wakati wa mazungumzo ya kila asubuhi ambayo bado yaliitwa ya usalama, akasema kwa sauti iliyokwaruza jambo ambalo lilikuwa limepigwa marufuku kulisema juu ya ukumbi wowote ndani ya uzio.

“Hii salle iko mubaya.”

Wanawake wa zamu, walioshika patasi, walimtazama bila haraka.

“Mubaya kwa nani, Directeur?” Joëlle aliuliza.

Mchana ule Mkurugenzi alipiga simu. Mafeni makubwa ya kufyonza mvuke, ambayo wafanyakazi waliyaomba mpaka wakaacha kuyaomba, yalifika kutoka Lubumbashi kabla ya Jumapili. Stoo ilifunguliwa. Barakoa zilirudi, glavu zikafuata, hata maziwa yakaletwa ya kila mtu. Cyrille aliripoti kwa bodi kwamba maboresho hayo ni ya kupendezesha mandhari, kwa kuwa hatari bado imefutwa. Bodi ilimpongeza.

Hewa ikawa nafuu. Lakini asidi ni asidi, na meza ya mninga ilianza kutoa mabaka. Madame Eugénie, kwenye simu, alikuwa ameweka wazi: wabadilishane tena mama akishajifungua salama, si kabla. Ndipo ukaanza upendo ambao Likasi haijapata kuuona. Kila asubuhi Monsieur Ruphin, akiwa na ovaroli na macho mekundu, alipanda mpaka kwenye mlango wa ofisi yake mwenyewe, akabisha hodi, akamwuliza Julie mimba imelalaje. Alitaka kujua kama amekula. Alitaka kujua kama mtoto anacheza. Yeye mwenyewe alikwenda sokoni kumnunulia pemba, akachagua vipande kwa mikono yake, na muuzaji akampongeza kwa mtoto wa kwanza. Kwenye chumba cha mikutano alitundika kalenda ya kliniki ya wajawazito, na Bertin alipochelewa kuleta gari la kumpeleka Julie kupima, Bertin alihamishwa. Tumbo lilikua. Likawa linatangulia kuingia mlangoni, la duara, lenye afya, na Tantine Kabedi alipokuja kuliona aliridhika, akasema Directeur analea muzuri.

Asubuhi moja, mwezi wa mwisho ukiwa umeshaingia, Cyrille alikuwa pale na ripoti yake, Mkurugenzi akabisha hodi. Alikuwa amechangamka siku ile. Alikwaruza koo, akauliza ya mtoto, akauliza ya usingizi, kisha akatazama kiti chake, akatazama kiyoyozi, kama mtu aliyesimama nje ya dirisha la duka.

“Inabakia kidogo tu, mama Julie.”

“Inabakia kidogo, Directeur. Mungu akipenda, minye nazala muzuri, juu yenu.” Julie alimwekea maziwa kwenye glasi, akamsogezea. “Hata Joëlle wa kwenye matangi anakusifu sana. Anasema zamani angeogopa, lakini sasa weye unajua kusikia. Siku hizi naye anatafunaka pemba. Iko na neno moya anataka kukuambia.”

Monsieur Ruphin aliiweka glasi chini bila kunywa. Aligeuka kutafuta pa kupitia, akamtazama Cyrille, na Cyrille akatazama kofia yake. Lakini ofisi ile ina mlango mmoja tu, na Joëlle alikuwa ameshabisha hodi.